Bunduki ya Shemeji

Walimwita Ukucha, na jina hilo alilibeba kwa raha zake. Kucha nyingine alizikata kama kila mtu mwenye adabu, lakini ule wa kidole gumba cha kushoto aliufuga, akaunyoosha kwa tupa ndogo, akautunza kuliko alivyotunza meno yake.

"Mtu mzima una ukucha kama bibi harusi," mkewe alimwambia mara nyingi.

"Huo ndio unaokuvisha, mama watoto," alimjibu. "Uheshimu."

Hakuwa anatania sana. Ukucha alikuwa fundi wa silaha wa askari wa misitu, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala: dirisha lenye nondo, meza ya mbao ngumu iliyonyonya mafuta mpaka ikawa nyeusi, jiliwa la kubania vyuma pembeni mwa meza, na makopo ya maziwa yaliyojaa springi na pini. Humo ndimo askari walimoingia mmoja mmoja, uso umekunjwa, bunduki mkononi.

"Fundi, ndani humu kunang'aa. Rangi imeisha. Haitanilipukia usoni?"

Ukucha angeifungua, akafuta mafuta kwa kitambaa, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Ndani ya bunduki kuna kisanduku cha chuma ambacho mafundi wanakiita bodi, na humo bolti huenda mbele na kurudi nyuma kila risasi inapotoka. Inapopita husugua reli zake, na ile rangi nyeusi ya kiwandani hutoka taratibu, kama kizingiti kinavyolika pale watu wanapokanyaga. Hilo halina ubaya. Angepitisha ukucha wake polepole juu ya reli. Ukucha ukiteleza, ni mng'ao tu wa kazi. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na hapo hakucheka tena.

"Kizingiti cha nyumba yako kinang'aa," angemwambia askari. "Umewahi kumwita fundi? Kazi inakula pale inapogusa. Tazama: hapa bolti inapita, peupe. Hapa haipiti, peusi. Mambo yote kawaida. Haya, chukua mkeo, hajambo."

Wote wangecheka, na askari angetoka akitembea kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba kikohozi chake ni cha vumbi tu. Kwa kazi hiyo Ukucha aliaminiwa kupita kiasi. Neno lake moja, "kawaida", lilimaliza ubishi wa kikosi kizima.

Mmoja wa askari hao alikuwa mdogo wa mkewe, kijana aliyekulia nyumbani kwake. Huyu wenzake walimwita Kioo, na hawakumwonea. Kitu chochote kikiingia mikononi mwake kilitoka kinang'aa. Alipokuwa angali anaishi kwa dada yake, alisugua sufuria kwa waya na majivu mpaka moja ikatoboka, na dada yake akamfukuza jikoni kwa mwiko huku anacheka machozi yanamtoka. Ukucha ndiye aliyemtafutia kazi ya uaskari. Kioo akapewa nyumba ndogo ya kikosi ukingoni mwa msitu, akaoa, akapata watoto, na kila gwaride alisifiwa kwa usafi. Mkuu wa kituo alikuwa na ugonjwa wa mng'ao: viatu ving'ae, vifungo ving'ae, bunduki ing'ae nje na ndani. Kwa mkuu wa namna hiyo, Kioo alikuwa mtoto wa kuzaa mwenyewe.

Basi mwaka mmoja msitu ukaingiliwa. Milio ya risasi ilisikika upande ambao hakuna zamu iliyopangwa, mizoga ikaokotwa imekatwa nyama nzuri na nyingine kuachwa, na maganda ya risasi yaliyookotwa yalikuwa ya aina ile ile wanayopewa askari. Haikuchukua muda watu wakaanza kunong'ona. Kuna askari anakodisha bunduki yake kwa majangili. Kwa kuwa vituo vilikuwa mbali mbali, kila askari aliweka silaha yake nyumbani, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na nani angejua inatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi?

Mkuu akaja karakana mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Fundi, bunduki iliyofanya kazi ya ziada inaweza kujulikana?"

"Mitutu tumebadilisha yote juzi juzi, Mkuu. Mtutu hautakwambia kitu."

"Na ndani?"

"Bodi ni zile zile za zamani. Bodi itasema."

Akasema hivyo bila kufikiri mara mbili, kama mtu anayeulizwa njia ya nyumbani kwake. Mkuu akapanga ukaguzi wa kikosi chote.

Ulifanyika uwanjani mbele ya ofisi. Meza ndefu ziliunganishwa, bunduki zikalazwa zimefunguliwa, na askari wakapanga mstari nyuma yake, mguu sawa. Ukucha alivaa koti lake safi. Alianza upande mmoja, akaenda kwa mwendo wake ule ule: anafuta mafuta, anainua bodi ielekee jua, anapitisha ukucha.

"Kawaida."

Anasogea.

"Kawaida. Ila mwenyewe apunguze mafuta, hatukaangi samaki hapa."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu. Kila aliyepita salama alishusha pumzi mpaka mabega yakaonekana yanashuka.

Alipofika kwenye bunduki ya Kioo, alisimama. Ndani palikuwa peupe. Ile rangi nyeusi ilikuwa imekwisha, na kingo za reli, zilizotakiwa kuwa kali, zilikuwa butu. Akainama zaidi. Nyuma yake akasikia viatu vya Mkuu vinakuja.

"Mbona umekwama? Ya nani hiyo?"

"Ya shemeji yake!" mtu mmoja akaropoka mstarini, na safari hii kicheko kilikuwa cha kweli.

"Ahaa," Mkuu akasema, akageukia mstari ili wote wasikie. "Sasa ndio tutajua kama hapa tuna fundi au tuna mkwe. Fundi, usituletee mambo ya ukweni."

Hapa ndipo mtu anapotamani kumshika Ukucha shati na kumtikisa. Bunduki zote zilizotangulia, za watu baki, za wavivu, za yule mlevi aliyewahi kusahau yake kilabuni, zote alizifutia mafuta na kuzielekeza juani. Hii ya mtoto aliyemlea hakuifuta. Hakuiinua. Aliona akikaa nayo sana watasema anamtafutia upenyo. Alisikia macho ya kikosi kizima yanamwasha mgongoni, na akapitisha ukucha mara moja, upesi, kama mtu anayegusa pasi kujua kama ina moto, bila kungoja kujua kama umeteleza au umekwama.

"Si kawaida," akasema.

"Sema kwa sauti."

"Si kawaida! Bodi hii imelika. Bunduki hii imefyatuliwa kupita zamu zote alizopangiwa huyu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Kioo akatoka nje ya mstari hatua moja. "Shemeji, angalia vizuri."

"Hapa kazini sina shemeji," Ukucha akamjibu, na akajipenda alivyolisema.

Kioo hakubisha tena. Alimtazama Ukucha, akaitazama bunduki yake pale mezani, kisha uso wake ukawa kama wa mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Walimvua mkanda palepale, wakamwondoa.

Alikaa mahabusu, akahojiwa mpaka wakachoka wao. Ushahidi wa kumfikisha mbele ya hakimu haukupatikana, wakamwachia, lakini kibarua kiliota nyasi na nyumba ya kikosi akatakiwa kuihama. Jina la jangili likamganda. Kwenye gwaride lililofuata Mkuu alimwita Ukucha mbele na kumsifu: huyu ndiye mfanyakazi, hana ndugu kazini, mwigeni huyu. Watu wakapiga makofi. Kilikuwa kilemba cha ukoka kitupu, lakini Ukucha alikivaa akarudi nacho nyumbani kichwa kimevimba.

Mkewe alimngoja mlangoni.

"Ni kweli ulisema wewe?"

"Nilisema nilichokiona."

"Uliona nini? Umemlea yule. Umewahi kumwona anachukua hata sukari bila kuuliza?"

"Mama watoto, chuma hakina upendeleo."

"Nani kasema habari za chuma? Nasema habari za mdogo wangu! Umemuuza ili usifiwe. Haya, umesifiwa. Kula hizo sifa."

Tangu siku hiyo alimwekea chakula mezani na kuondoka. Maneno ya lazima aliyapitisha kwa watoto: mwambieni baba yenu maji ya kuoga yako tayari. Nyumba ikawa baridi. Baadaye zikaja habari kwamba mke wa Kioo ameondoka na watoto, amerudi kwao. Mkewe ndiye aliyezileta, na safari hiyo alimwambia mwenyewe, uso kwa uso, apate kumwona anavyozipokea.

"Wanawake wa siku hizi hawavumilii shida," Ukucha akasema. "Mshahara ukikatika tu, na wao wanakatika."

Mkewe akatoka nje.

Msituni, milio haikukoma. Mizoga iliendelea kuokotwa. Mtu mwenye akili zake angejiuliza, lakini kikosi kilikuwa kimeshampata mwenye kosa na hakikuwa na haja ya mwingine. Ukucha aliisikia ile milio kama wengine. Alijitia hamnazo.

Baada ya mwaka na zaidi ikaja amri kwamba bunduki ya Kioo ibomolewe, vipande vizima vihifadhiwe kwa ajili ya nyingine. Ukucha akaifunga kwenye jiliwa asubuhi, karakana imetulia, hakuna wa kumtania wala wa kumsimamia. Akaipangua yote, jambo ambalo hakulifanya siku ile. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaifuta, akaipeleka dirishani.

Mwanzoni hakuelewa alichokuwa anakitazama. Reli zilikuwa nyeupe, sawa. Lakini kuta za pembeni, ambako bolti haifiki hata siku moja, nazo zilikuwa nyeupe. Sakafu ya bodi nyeupe. Kila mahali ambapo kidole cha mtu au kijiti kinaweza kuingia palikuwa peupe, kwa kiasi kile kile. Na mahali ambapo kazi yenyewe inakula, ule mdomo ambapo ganda moto hugonga likitoka, na kule nyuma ambako bolti hujipiga ikirudi, palikuwa pazima kabisa. Makali yake yalikwaruza kidole. Bunduki hii ilikuwa imefyatuliwa kidogo kuliko karibu zote alizozikagua.

Akaingiza sindano kwenye kona, chini ya pini ya kifyatulio. Ikatoka na uzi mfupi wa waya uliojikunja, waya ule wa kusugulia masufuria, umegandana na majivu na mafuta.

Ukucha aliketi juu ya kopo la rangi. Hakuhitaji kuambiwa. Kazi inakula pale inapogusa: maneno yake mwenyewe, aliyowaimbia askari miaka nenda miaka rudi. Mtoto yule alikuwa akiisugua bunduki kama sufuria za dada yake, ili Mkuu akichungulia ndani aone mng'ao, na Ukucha, aliyeishi naye nyumba moja, aliyecheka sufuria ilipotoboka, hakukumbuka. Kitambaa kimoja cha kufutia mafuta na dakika moja juani vingemwonyesha yote haya. Alilia pale, mdomo ameuziba kwa koti lake.

Alimwendea Mkuu na bodi mkononi. Akamweleza polepole, akimwonyesha peupe na peusi. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, na hilo tu lilimpa Ukucha matumaini.

"Kwa hiyo imeharibika kwa kusuguliwa," Mkuu akasema.

"Ndiyo, Mkuu. Kijana hana kosa. Kosa ni langu."

"Fundi, siku ile nilikuuliza mbele ya watu wote kama una uhakika."

"Uliniuliza."

"Sasa nikisimama kusema ulikosea, si itabidi nitilie shaka na zile zote ulizosema ni kawaida?" Akaisukuma bodi irudi upande wa Ukucha, kwa ncha ya kidole, asichafue mkono. "Na huyo si shemeji yako? Watasema mkeo amekubana nyumbani, ukaja na hadithi ya waya. Ningekuwa mimi nje ya ofisi hii, ningesema hivyo hivyo. Nenda kazini. Bado nakuhesabu kuwa fundi wangu mzuri."

Ukucha akatoka. Siku ile ya ukaguzi aliogopa wasije wakasema anampendelea ndugu, na kwa hofu hiyo akamwangamiza. Leo amekuja na ukweli, na ukweli wake haununuliki kwa sababu ni wa ndugu. Mtu anaweza kucheka, akiwa na roho hiyo.

Jioni alimwambia mkewe kila kitu. Alitegemea matusi. Mkewe alisikiliza akiwa ameshika mlango wa kabati, kisha akasema, "Mimi usiniambie. Nenda kamwambie yeye."

Akaenda siku ya mapumziko. Kioo alikuwa kibarua kwenye uwanja wa kuuzia mbao, kazi yake kuzishusha na kuzipanga kwa ukubwa. Alikuwa amekonda, mikono imejaa vibanzi, lakini alimpokea mgeni wake kwa adabu ile ile aliyolelewa nayo. Akampangusia ubao akae. Ukucha hakukaa.

"Nimekuja kukwambia nilikosea," akasema. "Nimeipangua ile bunduki. Haikufyatuliwa. Ilisuguliwa. Ulikuwa unatumia waya?"

"Kila kabla ya gwaride," Kioo akasema. "Waya na majivu. Si Mkuu alitaka ing'ae?"

"Sasa mbona hukusema siku ile, mdogo wangu? Neno moja tu!"

"Ningesemaje? Mimi nilijua waya unatoa uchafu, sikujua unakula chuma. Wewe ndiye fundi." Alikuwa anamtazama kwa mshangao, kama mtu anayesikia habari zinazomhusu mtu mwingine. "Uliposema imefyatuliwa, nikajua imefyatuliwa."

"Lakini ulijua hukuifyatua!"

"Ndiyo. Kwa hiyo kuna mtu aliifyatua." Kioo akaanza kung'oa kibanzi kiganjani, taratibu. "Nilikaa mahabusu nikiwaza ni nani. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwangu na kwa mke wangu. Basi. Na mke wangu ana kaka yake ambaye zamani alikuwa mwindaji. Nikajumlisha mwenyewe."

Ukucha alitaka anyamaze. Hakuwa na haki ya kumnyamazisha.

"Nilipotoka nikamuuliza. Akaapa. Nikamwambia fundi amesema. Akaapa kwa watoto. Nikamwambia shemeji ndiye aliyenilea, asingesema vile mbele ya watu kama hana hakika. Nikampiga, shemeji. Sikuwahi kumgusa yule mwanamke. Nikamtoa nje na watoto wake, nikampa talaka."

"Watu walisema aliondoka kwa ajili ya njaa."

"Niliwaacha waseme. Niliona afadhali hivyo kuliko wajue nina mke msaliti." Akalifikiria neno alilolisema. "Kumbe hakuwa."

"Twende kwao," Ukucha akasema. "Twende sasa hivi. Nitaongea mimi. Nitapiga magoti mbele ya baba yake, mbele ya ukoo mzima, nitasema ni mimi."

"Ameolewa."

Nyuma ya marundo ya mbao mtu aliwasha msumeno, ukalia, ukazima.

"Kwa mtu mwema, nasikia," Kioo akasema. "Watoto wanamwita baba."

"Hata hivyo inafaa ajue. Aambiwe tu kwamba ni uongo, kwamba na wewe unajua ni uongo."

"Usiende." Ilikuwa mara ya kwanza kupandisha sauti. "Amezoea kunichukia, shemeji. Hilo ndilo linalomsaidia kukaa kule. Ukimpelekea huo ukweli wako, utamvunjia na nyumba hiyo."

Msimamizi akamwita kwa jina kutoka kwenye lori. Kioo akaitikia, akainama, akavuta kitu chini, hakikutoka.

"Sogea kidogo," akasema. "Umesimama juu ya ubao wangu."